Oili ya Injini na Dawa za Mafuta: Kipi Kinalisaidia Gari Lako Tanga, Kipi Kinakula Hela

Kabla hujanunua kichupa chochote cha dawa ya injini, chomoa stiki ya oili uitazame. Injini ikinoki, mara nyingi haijafa kwa kukosa dawa, wala kwa kuchelewa kumwaga oili kilomita mia tano. Imekufa kwa sababu oili ilipungua kimyakimya na hakuna aliyefungua boneti. Ukiipima kila wiki, maswali mengi ya dawa na ya kilomita yanajijibu yenyewe.

Simamisha gari pahali tambarare, si kwenye kipando cha kuingilia getini. Injini ikishapata moto, izime, kisha subiri dakika 5 hadi 10 oili ishuke kwenye sampo, yaani karai la oili chini ya injini. Chomoa stiki, ifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, irudishe mpaka mwisho, ichomoe tena ndipo usome. Pande mbili za stiki zikitofautiana, amini ule unaoonyesha chini zaidi. Mwingine umepakwa na oili iliyobaki kwenye bomba lake. Kati ya alama ya chini na ya juu, kwenye injini ndogo za Toyota, huingia kama lita moja au zaidi kidogo, kwa hiyo ukiongeza anza na nusu lita, subiri, pima tena. Kuzidisha nako kuna hasara yake: oili ikipita sana alama ya juu, krenkshafti huichapa mpaka ikatoa povu, na pampu ikivuta povu haipeleki presha.

Chukua injini ya 1NZ-FE, ile ya 1500 iliyomo kwenye IST, Probox, Raum na Corolla nyingi zinazozunguka Ngamiani. Pamoja na filta hushika lita 3.7. Vitabu vya Toyota hutaja lita 1 kwa kilomita 1,000 kuwa ndio ukomo wa ulaji wa oili. Injini inayokula kiasi hicho, hata ukimwaga kila kilomita 3,000 bila kukosa, siku ya kumwaga itakuwa imebakiwa na lita 0.7. Haifiki huko, itagonga njiani. Ndiyo maana mwenye kupima stiki kila Jumamosi na kumwaga kila 5,000 analinda injini yake kuliko anayemwaga kila 3,000 na katikati hafungui boneti. Wenye Harrier, RAV4 na Alphard za 2AZ-FE wawe macho zaidi. Injini hizo zinajulikana kwa kula oili, kwa kuwa matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni huziba masizi na ringi za oili zikakwama. 1ZZ-FE za mwanzo nazo zina tabia hiyohiyo.

Stiki inasema mengine pia. Oili nyeusi peke yake si ugonjwa. Oili nzuri ina sabuni ndani yake, kazi yake ni kubeba masizi, na kwenye dizeli huwa nyeusi siku chache tu baada ya kumwaga. Oili iliyopanda juu ya ulipoiacha na kunuka petroli ina mafuta ndani: nozeli inavuja, au plagi moja haichomi. Rangi ya maziwa ya chai kwenye stiki ni maji, na hapo fikiria gasketi ya silinda hedi. Lakini ukiona ute huo chini ya kifuniko cha kujazia tu, stiki ikiwa safi, mara nyingi ni unyevu wa safari fupi. Vumbi la chuma linalometameta halina dawa ya chupani.

Kilomita ngapi?

Kitabu cha Toyota cha soko la Japani, ambako magari yetu mengi yametoka, huandika kilomita 15,000 au mwaka mmoja kwa injini ya petroli isiyo na tabo. Kwa matumizi magumu kinakata nusu: 7,500 au miezi 6. Yenye tabo ni 5,000 au miezi 6, na kwa matumizi magumu 2,500. Fundi wa mtaani anakwambia 3,000 kwa kila gari. Pengo kati ya 15,000 na 3,000 ni kubwa mno, na jibu liko ndani ya maneno "matumizi magumu".

Tanga mjini ni pafupi. Raskazone hadi sokoni Ngamiani ni safari ya dakika chache; injini inapata moto ndiyo kwanza unazima. Petroli kidogo na mvuke wa maji huteleza kupita ringi kila injini inapowaka ikiwa baridi, vikaingia kwenye oili, na vinahitaji mwendo wa nusu saa ya joto kamili ili vitoke kama mvuke. Gari lisilotoka mjini halipati nusu saa hiyo, kwa hiyo kilomita 4,000 za kwenda sokoni na shule zinaichosha oili kuliko 4,000 za Tanga kwenda Dar es Salaam na kurudi. Ongeza vumbi la chokaa la Pongwe na Maweni, njia za mashambani Mkinga na Amani, kipando cha Mombo hadi Lushoto, au Noah iliyoshindiliwa machungwa ya Muheza. Hayo yote ni matumizi magumu.

Teksi ina hesabu yake. Inasimama kituoni injini ikiunguruma, kiyoyozi kikiwaka, na kilomita hazisogei. Wasimamizi wa magari ya kazi hukadiria saa moja ya kuunguruma bila kutembea kuwa sawa na kilomita kama 40 za mwendo. Dereva anayeunguruma saa 3 kwa siku, siku 26 za mwezi, ana saa 78, yaani zaidi ya kilomita 3,000 ambazo dashibodi haikuziandika.

Kwa hali ya Tanga, petroli isiyo na tabo na oili ya nusu sinthetiki yenye daraja zuri: kilomita 5,000 au miezi 6, lolote litakalotangulia. Sinthetiki kamili ya uhakika, gari likienda safari ndefu: 7,500 au miezi 6. Teksi ya mjini: 5,000 hata kwa sinthetiki, na ukiwa na saa nyingi za kuunguruma shuka hadi 4,000. Tabo: 2,500 kwa matumizi magumu, na 5,000 usipite kamwe. Gari linaloshinda limefunikwa turubai uani na kutembea kilomita 2,000 kwa mwaka nalo limwagwe walau mara moja kwa mwaka, maana unyevu na tindikali haviangalii mita ya kilomita.

Na 3,000 ina haki yake wapi? Kwenye injini iliyojaa tope la oili unayotaka kuisafisha taratibu, gari ulilolinunua leo bila kujua limewekwa oili gani, au kama oili pekee unayoipata ni ile ya daraja la chini. Zaidi ya hapo ni desturi ya enzi za kabureta na oili dhaifu. Haiharibu injini, ila piga hesabu: gari la kilomita 20,000 kwa mwaka, kila 3,000, linakunywa karibu lita 25. Kila 5,000 ni lita 14.8. Kila 7,500 hazifiki 10. Anayemwaga kila 3,000 mara nyingi hununua oili ya bei ya chini ili aweze kuimudu, na hapo ndipo anapojipiga mwenyewe: oili mbovu mpya mara saba kwa mwaka haifikii nzuri mara nne. Kila kumwaga kuna hatari yake ndogo pia, kama uzi wa nati ya sampo kulika, filta kukazwa vibaya, au dumu feki.

Oili gani

Soma mgongo wa dumu. Tafuta maandishi ya API (taasisi ya Marekani inayopanga madaraja ya oili) na herufi mbili zinazoanza na S kwa petroli. SP ilitoka mwaka 2020, SN 2010, SM 2004, SL 2001. Kwa IST au Premio nunua SN au SP. Duka la spea linaweza kukupa dumu limeandikwa SF kwa bei ya kuvutia. SF ni daraja la injini za mwaka 1988 kurudi nyuma. Ina sabuni kidogo, na injini zenye VVT-i (mfumo wa Toyota wa kubadili muda wa valvu kwa presha ya oili) zina vijia vyembamba vya oili na chujio dogo la waya ambalo tope huliziba.

Kuhusu uzito, injini hizi zimeandikiwa 5W-30, na 10W-30 inafaa pia. Hoja inayosikika gereji ni kwamba pwani kuna joto, basi weka 20W-50. Joto la oili halitawaliwi na jua la Tanga. Linatawaliwa na themostati, kile kilango cha maji ya kupozea injini, ambayo kwenye 1NZ hufungua maji kwenye nyuzi 80 na kitu, iwe Chumbageni au Hokkaido. Oili nzito inafaa kwa injini iliyochoka, yenye kilomita nyingi na inayokula oili: panda kwanza hadi 10W-40, ukiona bado, 15W-40 au 20W-50. Kwa injini nzima inakula mafuta zaidi bila faida, na asubuhi inachelewa kufika juu kwenye kemu, shafti inayofungua valvu.

Tukiwa hapo kwenye themostati: magari mengi ya pwani yametolewa themostati "ili yasichemshe". Matokeo yake injini haifiki joto lake, kompyuta inaendelea kumwaga petroli nyingi kama vile gari bado ni la baridi, petroli hiyo inateremka kwenye oili, na maji hayatoki. Ukiwa na gari linalokula mafuta, oili inayopanda na ute mweupe kwenye kifuniko, angalia kwanza kama themostati ipo. Themostati mpya na radieta iliyosafishwa zitaifaa injini hiyo kuliko dawa yoyote utakayosoma hapa chini.

Oili feki ni tatizo la kweli. Nunua kwa wakala anayetoa risiti ya EFD. Kagua pete ya kifuniko kama imekatika, karatasi ya muhuri iliyo chini ya kifuniko, namba ya toleo iliyochapwa kwenye plastiki na si kwenye karatasi ya kubandika, na alama ya ubora ya TBS. Dumu lenye mikwaruzo ya zamani lakini lebo inang'aa lina maswali. Na la kwako likiisha, litoboe au likate kwa kisu kabla hujalitupa. Madumu mazima yenye majina makubwa ndiyo yanayojazwa upya.

Kumwaga oili mwenyewe

Andaa spana ya boksi au soketi namba 14, dumu la oili la lita 4, filta mpya, washa mpya ya nati ya sampo, beseni la lita 5 au zaidi, faneli, glavu na vitambaa. Filta ya Toyota kwa 1NZ-FE ni 90915-YZZE1; 1ZZ-FE hutumia 90915-YZZF2. Ukiletewa nyingine, ilinganishe na ya zamani kwa upana wa mpira na uzi, usitazame urefu peke yake.

Washa injini dakika tano hivi iwe vuguvugu, si ya kuunguza. Gari likihitaji kuinuliwa, liweke juu ya stendi imara au kwenye karo la gereji, jiwe nyuma ya magurudumu, breki ya mkono juu. Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Fungua kifuniko cha kujazia juu ili oili ishuke bila kukwama. Legeza nati ya sampo kwa spana, malizia kwa vidole huku ukiisukuma kwa ndani, kisha itoe kwa haraka. Acha itiririke dakika 10 hadi 15, mpaka iwe matone. Chovya kidole kwenye oili ya beseni uisugue: mchanga unausikia, na chembe za chuma zinaonekana juani.

Futa uzi, weka washa mpya, anza kukaza kwa vidole walau mizunguko mitatu. Ikikataa kuingia kwa vidole, usiilazimishe kwa spana, umeiweka mshazari. Toyota hutaka nguvu ya Nm 37 hadi 38, yaani spana fupi na mkono mmoja mpaka ikakae, basi. Bomba refu la kuongezea nguvu ndilo linalokula nyuzi za sampo, kisha unaletewa nati kubwa zaidi au gundi.

Filta: legeza ya zamani, na kabla ya kitu kingine chochote angalia kama mpira wake umetoka nao. Mpira wa zamani ukibaki kwenye bloku na wewe ukafunga filta mpya juu yake, itaonekana imekaa vizuri, kisha presha ikipanda mipira miwili inateleza na oili yote inamwagika barabarani ndani ya dakika chache. Ni kosa dogo linaloua injini nzima. Paka oili mpya kwenye mpira wa filta mpya, ifunge kwa mkono mpaka mpira uguse, ongeza robo tatu ya mzunguko. Hakuna haja ya spana.

Mimina lita 3.3 kwanza, funga kifuniko, washa bila kukanyaga moto. Taa nyekundu ya oili izime ndani ya sekunde chache; ikikawia, zima. Acha iungurume dakika moja au mbili, chungulia nati na filta, zima, subiri dakika 5, pima stiki, ongeza mpaka karibu na alama ya juu. Kinachobaki kwenye dumu weka kwenye buti kwa ajili ya kuongezea. Andika kilomita na tarehe kwenye kipande cha tepu ndani ya boneti. Oili chafu usiimwage mtaroni, mitaro yetu inaishia baharini. Gereji kubwa hukusanya, na mafundi seremala huinunua kwa ajili ya mchwa.

Filta ya hewa, yaani ea klina, ni sehemu ya kazi hii, na kwa njia za vumbi huenda ina uzito kuliko oili yenyewe. Vumbi likipita linakwangua silinda na kuigeuza oili kuwa msasa. Ipulize kutoka upande msafi kwenda mchafu kwa upepo mdogo, usiibamize ukutani. Ukiimulika na taa ya simu kwa nyuma na mwanga haupiti, au ukaona tundu hata moja, badilisha. Kagua pia ndani ya bomba linaloenda kwenye injini: ukilipitisha kidole na kikatoka na vumbi, boksi haifungi sawasawa.

Dawa za kutia kwenye oili

Oili uliyonunua tayari ina dawa: sabuni, kizuia povu, kizuia kutu, zinki ya kukinga chuma kisilane, vitu vya kuipa uzito ikipata moto. Vimepimwa pamoja. Kichupa cha juu yake kinavuruga vipimo hivyo, na mara nyingi kinaongeza kile ambacho tayari kipo. Mwaka 1997 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilimalizana na wauzaji wa Slick 50 baada ya kuwashtaki kwa kutangaza kinga dhidi ya kulika kwa injini bila ushahidi wa kutosha. Slick 50 haikuwa peke yake. Dawa nyingine kadhaa za aina hiyo zilibanwa miaka ya karibu na hiyo.

Dawa ya kuzuia moshi ni gundi ya plastiki inayoifanya oili kuwa nzito sana. Moshi wa bluu unapungua wiki kadhaa, ringi zilizokufa zinabaki zimekufa. Anayekuuzia gari Jumapili huenda ameimwaga Jumamosi. Ndiyo sababu ukienda kukagua gari unaomba injini iwe baridi kabisa, unachomoa stiki na kuangalia kama oili inanyoosha uzi kama asali.

Dawa ya kuzuia kuvuja inalainisha sili za mpira. Kwa jasho dogo kwenye sili iliyokakamaa inaweza kusaidia kwa muda. Kwa gasketi iliyokatika ni bure.

Dawa ya kuosha injini kabla ya kumwaga oili, au ile desturi ya kumwaga mafuta ya taa ndani na kuungurumisha dakika kumi, ndiyo ya kuogopa zaidi. Injini iliyojaa tope ikioshwa ghafla, mapande hukatika na kushuka kwenye wavu wa pampu ya oili, wavu unaziba, na taa nyekundu inawaka siku mbili baadaye ukiwa Segera. Ukitaka kuisafisha, weka oili ya SN au SP, imwage pamoja na filta baada ya kilomita 1,500, rudia mara moja au mbili, kisha rudi kwenye ratiba. Inachukua miezi, na inafanya kazi.

Dawa za kutia kwenye tanki

Hapa kuna moja inayostahili hela: dawa ya kusafisha nozeli yenye PEA. Lebo iseme PEA au polyetheramine. Ikisema tu "inasafisha" bila kutaja kilichomo, mara nyingi ni mafuta mepesi yenye rangi. PEA inayeyusha masizi kwenye nozeli na kwenye mgongo wa valvu za kuingizia. Kichupa cha mililita 300 kwa kawaida kimepimiwa tanki la lita 60 hivi. IST ina la lita 40 na kitu, kwa hiyo usitie viwili.

Mimina kichupa tanki likiwa karibu na robo, kisha jaza palepale sheli ili kichanganyike. Nenda safari yenye mwendo, Segera na kurudi inatosha kuanzia, na tumia tanki lote mpaka karibu na mwisho bila kuongeza mafuta katikati. Fanya hivyo kwenye tanki la mwisho kabla ya kumwaga oili, kwa sababu uchafu ulioyeyuka hupita ringi na kuingia kwenye oili. Mara moja kwa kilomita 10,000 inatosha. Kila mwezi ni kutupa hela.

Usiitarajie itibu kila kitu. Gari likitetemeka na silensa (mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga moto) ikipanda na kushuka, kagua kwanza plagi (pengo la 1NZ ni milimita 1.1), koili, usafi wa throto, na mabomba ya hewa yaliyopasuka. Ukimaliza hayo ndipo uitie dawa. Kwa Noah na Voxy za D-4, injini ya 1AZ-FSE, petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda na haipiti kwenye valvu, kwa hiyo dawa ya tangini haigusi masizi ya valvu hata ukitia katoni. Hizo zinafunguliwa manifoldi na kukwanguliwa kwa mkono.

Dawa ya kuongeza okteni iache dukani. Lebo ikijitapa kwamba inapandisha "pointi 3", soma vizuri: mara nyingi pointi moja ni 0.1, hivyo umelipia 0.3. Injini ya 1NZ imetengenezwa kwa petroli ya kawaida ya Japani, ambayo kiwango chake huanzia RON (kipimo cha okteni) 89, na petroli halali ya sheli zetu haiko chini ya hapo. Zenye manganizi au chuma huacha ukungu mwekundu kwenye plagi, cheche zinapotea, na masega ya ekzosi, yale ya kusafisha moshi, yanaziba. Ukikuta plagi zimekuwa nyekundu kama udongo wa Lushoto, uliza kwanza nini kimetiwa tangini.

Dawa ya maji ni spiriti. Kwa matone kidogo inasaidia kuyabeba yakachomwe. Kwa glasi ya maji chini ya tanki haisaidii. Shusha tanki, limwagwe.

Mafuta yaliyochanganywa

Mafuta ya taa ndani ya petroli yanashusha okteni na kuosha oili kwenye kuta za silinda. Mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili uchakachuaji usilipe, na mafuta huwekewa vinasaba ili wakaguzi wayatambue, lakini petroli ya kwenye chupa za soda vijijini haina mkaguzi. Kipimo chepesi: dondosha tone kwenye karatasi nyeupe, kivulini, mbali na moto na sigara. Petroli safi inakauka ndani ya dakika chache na kuacha karatasi ilivyokuwa. Doa la mafuta linalobaki na kunuka ni taa au dizeli.

Gari likianza kugonga au kukosa nguvu mara tu baada ya kujaza, usiendelee kulitumia ukitumaini litazoea. Limwage tanki, badilisha filta ya petroli, weka safi. Chota lita moja kwenye chombo cha chuma kama ushahidi, tunza risiti, peleka malalamiko EWURA. Hakuna kichupa kinachogeuza mafuta ya taa kuwa petroli.

Kwa dizeli, hela ya dawa iende kwenye filta. Hiace ina kikombe cha kutenga maji chini ya filta ya dizeli. Kila wiki, zaidi msimu wa masika, legeza kikoki chake, acha maji yatoke mpaka ije dizeli tupu, kaza. Kwenye D-4D, dizeli za Toyota za presha kubwa, maji kidogo tu yanatosha kuua nozeli, na taa ya njano ya filta ikiwaka ni ya kusimama hapohapo. Filta mpya ikishafungwa, pampu kwa mkono kile kitufe cha juu yake mpaka kiwe kigumu ndipo upige stata, maana kuvuta hewa kwa stata kunamaliza betri na kukausha pampu ya presha.